Maswali ya Wasomaji: Jina la Karatasi Litaje Ukubwa Tu

SWALI: Tunatengeneza programu ya kuchapa. Printa moja inaleta "A4", nyingine "A4 Ndogo", nyingine "A4 Bila Pambizo", na ya nne "A4 Trei 2". Orodha haiishi kurefuka, na bado printa husimama ikidai karatasi ambayo imo ndani. Tupange majina vipi?

JIBU: Msibuni mpango mpya, upo tayari. Ni kiwango cha PWG 5101.1 cha Printer Working Group, kikundi kinachoweka viwango vya uchapaji, kilichotoka 2002 na kufanyiwa marekebisho 2013. Jina lina vipande vitatu vinavyotenganishwa na kistari cha chini: asili ya saizi, jina lake, kisha vipimo na kizio. A4 huandikwa iso_a4_210x297mm, na Letter ya Marekani huandikwa na_letter_8.5x11in ("iso" ni shirika la viwango la kimataifa, "na" ni kifupi cha North America). Herufi ni ndogo zote, nafasi haziruhusiwi, upande mfupi hutangulia, na kizio ni mm au in.

Hayo majina yenu manne ni karatasi moja. Pambizo, trei na aina ya karatasi ni sifa nyingine. Zipeni sehemu zake. Fanyeni hesabu: saizi 10, trei 4, aina 5 na pambizo za namna 2, mkizibana ndani ya jina, ni majina 400. Mkizitenga, ni thamani 21 tu. Mlalo wa ukurasa nao msiuingize. Anayeandika 297x210mm amezaa saizi ambayo hakuna trei inayoitambua, na hapo ndipo printa husimama.

Programu isilinganishe majina kwa herufi. Isome vipimo, ivigeuze kuwa sehemu za mia za milimita kama inavyofanya IPP, itifaki ya kutuma kazi kwa printa, (A4 ni 21000 kwa 29700, Letter ni 21590 kwa 27940), kisha ilinganishe namba. Iacheni ivumilie tofauti ya hadi milimita 1, kwa sababu faili nyingi hutaja A4 kwa pointi (72 kwa inchi), 595 kwa 842, na pointi 595 ni milimita 209.9, si 210 kamili. Mkidai usawa kamili, A4 itakataliwa na trei ya A4. Wala msivumilie kupita kiasi: Letter inaizidi A4 upana kwa milimita 5.9 tu, nayo A4 inaizidi urefu kwa 17.6. Printa ikizichanganya, mistari ya chini hupotea.

SWALI: Tunachagua B5, karatasi ni B5, lakini maandishi yanakatwa kingoni. Kwa nini?

JIBU: Kuna B5 mbili. Ya kimataifa ni iso_b5_176x250mm, na ya Japani ni jis_b5_182x257mm. Ukurasa uliopangwa kwa ya Japani ukiingia kwenye ile nyingine, milimita 6 za upana na 7 za urefu hazina pa kukaa. Pimeni karatasi yenyewe kwa rula kabla ya kugusa mipangilio. Ndiyo maana kipande cha kwanza cha jina hakifutwi hata kama kinaonekana cha ziada.

SWALI: Fomu zetu ni milimita 200 kwa 250, hazimo kwenye orodha yoyote. Tuziiteje?

JIBU: custom_fomu_200x250mm, ambapo "custom" ni saizi isiyo ya kawaida. Msiazime iso_ kwa saizi ambayo ISO haikuiweka. Kipimo kibaki katika kizio kilichotumika kukata karatasi, maana kukigeuza kuwa inchi na kurudi huacha makosa ya kukadiria. Kabla ya kutuma kazi, someni mipaka ambayo printa inaitangaza kwa majina yanayoanza na custom_min na custom_max. Fomu iliyo nje ya mipaka hiyo haitapita, hata jina liwe sahihi vipi.

Na tafadhali, jina hilo ni la mashine. Kwenye menyu mtumiaji aone "Fomu, 200 × 250 mm".