Kompyuta isahihishe, darasa libishane

Mhadhiri mwenzangu akiniuliza aanzie wapi kuingiza kompyuta kwenye hesabu za mwaka wa kwanza, humwambia kwanza aachane na projekta. Slaidi za integrali ni ubao uleule, ila unakimbia zaidi.

Anza na usahihishaji. Darasa likijaa, zoezi hurudi mwanafunzi keshasahau alikuwa anawaza nini. Mimi natumia STACK, programu ya bure iliyoanzishwa na Chris Sangwin akiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na ambayo huwekwa ndani ya Moodle, jukwaa la masomo ya mtandaoni. Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya, nao wanaitumia. Hapa mwanafunzi hachagui A au B. Anaandika jibu lake, programu inalikagua kialjebra, kwa hiyo (x+1)² na x²+2x+1 vyote vinapata.

Tena kila mtu ana namba zake. Huyu anatafuta derivativi (kasi ya kubadilika) ya (3x²+1)⁵, jirani yake ya (4x²+1)⁵. Kudesa hakulipi; ukitaka kumsaidia mwenzio inabidi umweleze njia. Akiandika 5(3x²+1)⁴, anaambiwa papo hapo kwamba cha nje kiko sawa, ila hajazidisha kwa derivativi ya cha ndani, yaani 6x. Ujumbe huo haujiandiki. Ni wewe ukae, ukumbuke makosa yanayojirudia kwenye madaftari, na kila kosa ulitungie maelezo yake. Swali moja zuri linaweza kula jioni nzima. Wanaosema kompyuta inapunguza kazi, sidhani kama wameshatunga hata moja.

Maswali yakishatungwa, muda uliokuwa ukiusahihishia upeleke darasani. Eric Mazur wa Harvard alianza mwaka 1991 kufundisha fizikia hivi: uliza swali, watu wapige kura, wabishane na majirani, kisha wapige tena. Kwenye hesabu inakubali kabisa. Jaribu hili: kama f′(0) = 0, yaani derivativi pale sifuri ni sifuri, je, lazima pale pawe na kilele au bonde? Wengi watasema ndiyo. Waache wapigiane kelele mpaka mmoja afungue GeoGebra, programu ya kuchora grafu, kwenye simu, aandike x³, amwonyeshe jirani mstari unavyolala kidogo pale sifuri kisha unaendelea kupanda. Ulimi utakuwasha utoe jibu. Nyamaza hadi kura ya pili.

Mashine za kupigia kura usinunue, karatasi zenye A, B na C zinatosha. GeoGebra ukishaipakua inafanya kazi bila bando. STACK inahitaji mtandao, hivyo zoezi liache wazi wiki nzima, warudie watakavyo, na alama zake ziwe chache ili mtu asiogope kukosea.

Uthibitisho wa kihesabu, yaani hoja ya hatua kwa hatua kwamba jambo ni kweli, usiuachie programu. Huo bado naupokea kwenye karatasi, mmoja tu kwa wiki, na nausoma mstari kwa mstari.