Usimpeleke kwa bibi yake

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili. Mdogo, wa kiume, ana miaka sita. Alizaliwa na mgongo wazi na kichwa kikubwa, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa mrija wa kupunguza maji kichwani kule MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili. Hatembei, lakini ana akili na maneno mengi. Shida ni dada yake, yuko darasa la tano. Mwalimu ameniambia mtoto amewaambia wenzake kwamba kwao kazaliwa peke yake. Alama zimeshuka, akisemeshwa ananuna. Mdogo anashinda kwa jirani, ila jirani anaogopa kushika mpira wa mkojo, kwa hiyo mchana dada yake ndiye anayekuja kumtoa mkojo, maana mimi niko sokoni Majengo na baba yao yuko kwenye bajaji. Usiku nishamkuta ameamka anampapasa mdogo wake kichwani. Baba anasema dawa ni fimbo. Mimi nafikiri nimpeleke kwa bibi yake Kondoa abadilishe mazingira. Nifanyeje? Mama wa Nkuhungu, Dodoma.*

Marahaba, mdogo wangu. Kondoa usimpeleke. Bibi hana ubaya wowote, lakini mtoto ataielewa safari hiyo kwa namna moja tu: kwamba kati ya watoto wawili, aliyeondolewa nyumbani ni yeye.

Sasa tuje kwenye huo mpira, maana umeutaja juujuu kama vile unaniambia ni zamu ya nani kuosha vyombo. Saa sita wenzake wanaruka kamba. Yeye anatoka mbio na jua hilo la Dodoma, ananawa mikono kwa sabuni, anamlaza mdogo wake, anapitisha mpira, anasubiri mkojo uishe, anamwaga, anamsafisha, anarudi darasani kipindi kimeshaanza. Akiulizwa alikuwa wapi, atasema nini? Na hawezi kusema leo nimechoka, kwa sababu mkojo unatakiwa kutolewa kila baada ya saa tatu au nne. Ukikaa unaleta UTI, na UTI za mara kwa mara zinaharibu figo. Naamini hayo anayajua. Tena huyu ni binti anayekaribia kuvunja ungo, na kila siku anashika maumbile ya mdogo wake wa kiume. Unashangaa amesema hana ndugu? Asiye na mdogo haulizwi saa sita anakimbilia wapi.

Na hiyo ya usiku. Huenda aliwahi kusikia watu wazima wakisema mrija ukiziba mtoto anaweza kufa. Basi ameamua kulinda. Mtoto anayemkana mdogo wake mchana na kumlinda usiku hana roho mbaya. Amechoka na anaogopa, na ukimchapa atajifunza kuficha vizuri zaidi.

Kwa hiyo la kwanza ni zamu ya mchana. Katika nyumba yenu mwenye usafiri ni baba. Bajaji inaweza kupita Nkuhungu saa sita kama inavyopita kwenda kuchukua abiria. Mwende wote kliniki, muuguzi amwelekeze kutumia mpira hadi mkono uzoee. Si kazi ya kike wala ya kiume. Jirani naye aelekezwe, awe wa akiba. Na huyo bwana mdogo mwenyewe, watoto wengi wa umri wake huanza kujifunza kidogo kidogo: leo ananawa mikono, kesho anashika chombo, mwisho anajitoa mwenyewe. Binti akitaka kumsaidia mdogo wake, amsaidie kusoma na kucheza, kama dada yeyote.

Ukishamtua huo mzigo, ongea naye. Usimwitie kikao. Mkiwa mnachambua mlenda, wawili tu, mwambie umejua kwamba alikuwa anachoka na kwamba hukuliona mapema. Akikujibu kuwa anamchukia mdogo wake, usimrukie na “usiseme hivyo.” Mwache amalize. Kumpenda ndugu na kumchoka vinakaa pamoja kabisa, sisi watu wazima tunajifanya hatujui.

Mweleze pia ilivyotokea. Yeye alikuwa na miaka minne, mitano ulipobeba mimba. Watoto wa umri huo hujibebesha makosa ya ajabu, labda alikukanyaga tumbo, labda hakutaka mtoto mwingine. Na kama kwenu kuna wanaonong’ona habari za mkosi, basi ameshawasikia. Mwambie mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne za mwanzo, kabla hata mama wengi hawajajua kama wana mimba. Hakuna alichofanya yeye, wala wewe. (Hapo nawe jisikilize. Na kama mna mpango wa mwingine, muone daktari kabla ya kushika mimba: mama aliyekwisha kupata mtoto wa mgongo wazi huandikiwa foliki asidi miligramu 4 au 5 kwa siku, si ile 0.4 ya kawaida.)

Kuhusu mrija, mfundishe dalili, maana hofu isiyo na majina ndiyo inayomwamsha: kutapika, kichwa kuuma sana, usingizi usio wa kawaida, homa. Akiona, awaamshe ninyi, hata saa nane usiku. Kulinda ni kazi yenu. Kliniki ijayo mchukue, amuulize daktari maswali yake mwenyewe, ninyi mkae kimya.

Si ukubwa wa ulemavu unaoamua ndugu atakuwaje. Kinachohesabika zaidi ni jinsi wazazi wanavyoupokea na wanavyoelewana wao kwa wao, ndiyo maana nimemsumbua sana mumeo humu. Wapo wazazi wenzenu pia. Kliniki waulizie ASBAHT, chama cha familia za watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi.

Halafu mtoto ana miaka sita na hukusema neno lolote kuhusu shule. Nenda kwa mwalimu mkuu wiki hii, si Januari. Uliza mlango wa choo una upana gani na kama kiti mwendo kinapita. Ikiwa ni shule ileile ya dada yake, mwambie binti kabla hajasikia kwa wenzake, na umuulize yeye angependa watu waambiwe nini.