Akikugongea usiku amepigwa, usianze na swali

Mwanamke aliyepigwa akigonga mlango wako usiku, neno la kwanza utakalomwambia ndilo litakaloamua kama siku nyingine atagonga tena. Nasema haya kwa sababu niliwahi kuwa huyo anayegonga. Wengi walinifungulia, wakanipa maji, kisha wakauliza: "Kwani ulimfanya nini?" Mawifi waliniuliza hivyo, mshenga akaniuliza, hata shangazi aliyenilea.

Halafu kinaitishwa kikao. Wazee wanajaa sebuleni, mke na mume kila mmoja anaambiwa ajieleze, kana kwamba ngumi nayo ni hoja. Mume wangu alikuwa mpole mno vikaoni. Aliinamisha kichwa, akaomba radhi, akatoa doti ya khanga, wazee wakaridhika, pilau ikapakuliwa. Mimi nilikuwa na jino linalocheza, nikawa natafunia upande mmoja. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kikao kinafaa kwa mahari, kwa mirathi, kwa wanandoa waliokosana kuhusu pesa. Anayepigwa hawezi kusema ukweli mbele ya mtu atakayelala naye chumba kimoja usiku huohuo. Familia ikitaka kweli kusaidia, imsikilize peke yake, na isimrudishe kwa nguvu. Na wanaosema mila zinamruhusu mume "kumrudi" mke wajue kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vingine. Miaka yote hii, na bado tunaambiwa tuvumilie!

Aliyenisaidia ni jirani, mama mwenye genge. Aliniambia, "Pole mdogo wangu. Leo unalala hapa. Mengine kesho, ukitaka." Basi. Asubuhi tukaenda polisi pamoja. Pale kaunta tukaambiwa hayo ni mambo ya ndani, tukayamalize nyumbani. Yeye hakubishana, aliuliza tu Dawati la Jinsia na Watoto, lile la polisi linaloshughulikia kesi za ukatili kama huu, liko wapi, akakaa hapohapo mpaka tukaonyeshwa. Huko nikapewa PF3, ile fomu ambayo daktari anaijaza na kuisaini baada ya kukupima, na ambayo baadaye huwa ushahidi mahakamani. Kama ameumia vibaya, mkimbize hospitali kwanza, lakini fomu hiyo msiiache. Mpige picha majeraha siku hiyohiyo, kabla uvimbe haujashuka.

Mama huyo pia alinitunzia mfuko ndani ya pipa lake la unga: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho, nauli kidogo. Hakuwahi kuniambia "ondoka leo." Namshukuru sana kwa hilo, maana wakati wa kuondoka ndio hatari kuliko wakati mwingine wowote, mume anapoona mke anamponyoka ndipo anapoweza kuua. Siku aichague mwenyewe. Wewe hakikisha tu kwamba ikifika, mlango upo.

Kilichonishikilia zaidi ilikuwa nyumba. Jina la mume wangu, kiwanja chake, nami sikuwa na mshahara. Laiti mtu angeniambia mapema kwamba tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Mwambie ndugu yako hilo, kisha mpeleke kwa wanaotoa msaada wa kisheria bure.

Mume atakuja kumtafuta kwako, pengine analia, pengine ameongozana na shehe au mchungaji. Usimwonee haya. Mfuate mgeni wako ndani, muulize faragha kama anataka kuonana nao. Akisema hapana, toka uwaambie hapana.