Laana ya ukoo, au umezoea kununa?

*"Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi umeme, nina miaka 38. Babu na baba walikuwa watu wa kununa, na mimi nimo. Mke wangu akinikosea nakaa kimya hata wiki tatu. Sijawahi kumpiga, matumizi naacha, lakini ana mdomo, na sasa anatishia kurudi kwao. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Niende mkesha kuvunja laana ya ukoo?" – Mrithi, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Kukulia kwenye nyumba ya kimya si mchezo, pole. Pole yenyewe inaishia hapo.

Barua nzima hukutaja mkeo anakukosea nini. Mtu aliyekosewa kosa la wiki tatu hulitaja kwanza. Nina wasiwasi hata wewe hulikumbuki. Halafu hilo la "sijawahi kumpiga" unalisema kama unadai zawadi! Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Hujamfanyia hisani.

Na matumizi unayaacha wapi? Nawajua wanunaji: noti ya elfu kumi chini ya kopo la sukari, chakula kinafunikwa mpaka kinachacha, mtoto anafanywa tarishi. "Mwambie mama yako nitachelewa." Na mama yupo hapo hapo anachambua mchele, anasikia. Huyo mtoto ndiye anayerithishwa sasa hivi, bila pepo wala mganga, kama ulivyorithishwa wewe.

Mkeo ana mdomo? Wiki tatu anaongea na ukuta, lazima sauti ipande. Mimi niko upande wake.

Tena siku hizi kununa kumehamia kwenye simu. Ujumbe umesomwa, mtu kauchuna, kumbe yuko kwenye grupu la wanakijiwe anacheka. Ndoa zikivunjika tunawasingizia marehemu.

Leo ukirudi, salimia. Hela mpe mkononi. Chakula kula, hata kama umevimba. Ukikasirika sema, "Nimekasirika, tuongee kesho jioni," na hiyo kesho uongee kweli. Utateleza, umezoea vibaya; ukiteleza omba radhi, mtoto akisikia. Nyoka hawezi kuomba radhi, wewe unaweza.

Mkesha nenda ukipenda, sikukatazi kusali. Ila mkeo umuage mwenyewe, kwa mdomo wako.