Mwanangu, kuhusu lile swali lako la manesi

Mwanangu, meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu. Unauliza, mama, kila siku tunasikia manesi hawatoshi, sasa mbona mimi nina diploma na leseni na mwaka wa pili huu najitolea wodini naambulia nauli tu? Kwenye simu nilikwambia uwe na subira, nikajua kabisa hujaridhika, haya ngoja nikuandikie.

Uhaba upo, hawadanganyi. Pale zahanati tulikuwa wawili, mwenzangu akienda semina nabaki peke yangu, asubuhi kliniki na chanjo, mchana dirisha la dawa, usiku mtu anagonga uchungu umeshamkolea namzalisha kwa tochi ya simu. Si unakumbuka ulivyokuwa unaenda shule bila chai?

Ila sasa anayemhitaji nesi ni mgonjwa, na anayemlipa ni serikali. Nafasi haifunguki eti kwa sababu foleni imefika getini, inafunguka kibali cha ajira kikitoka, na kibali kinaangalia hela ya mishahara. Toka 2007 ulipoanza ule mpango wa serikali wa afya ya msingi, MMAM, ikawa kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya, watu tukachangia matofali, na jengo bwana fundi ukishamlipa mmemalizana, nesi anataka mshahara kila mwezi mpaka astaafu na pensheni juu. Majengo yakatukimbia. Halafu 2016 ajira mpya zikasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, Aprili 2017 wakatajwa watumishi 9,932 wenye vyeti feki, wakatolewa, na vyuo havikusimama hata siku moja, viliendelea kuwatoa nyie. Wala sio kwetu Tanzania tu, Kenya mwaka 2021 walisaini na Uingereza kupeleka manesi kule, kwao wenyewe kuna manesi hawana kazi na hospitali hazina watu, we fikiria.

Alafu kuna la vijijini. Mtu anaripoti, anakuta nyumba ya mtumishi haina maji, barabara ikinyesha imekatika, baada ya muda anaandika barua ya uhamisho kumfuata mwenza. Siwasemi vibaya, na mimi niliandika, mara mbili, zote zikakataliwa (baba yako bado ananicheka). Ubaya wake anayeondoka anamwachia zamu zake aliyebaki, na huyo naye akichoka anaanza kutafuta njia.

Kwa hiyo mama, nafasi zikitangazwa tena usijaze vituo vya mjini peke yake, huko ndo mmebanana. Na kabla hujaripoti piga simu uulize kama nyumba ipo, usione aibu. Hiyo ya kujitolea bila posho mwisho Desemba, nimeongea na baba yako kaafiki, mjomba wako anatafuta mtu wa duka lake la dawa muhimu, utakaa pale huku unasubiri. Vile viatu vyangu vyeupe bado vizima, nakutumia na basi la Ijumaa, ukavipokee stendi mapema wasije wakavipoteza kama lile begi.

Mama yako