Wewe Unavua Saa, Mwenzio Anavua Maji

Msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, Jumamosi iliyopita nilijaza ndoo pale mwambani. Jumamosi hii nimekwenda saa zile zile, chambo kile kile, sikupata hata wa kuonja. Nimerogwa?"

Hujarogwa. Ndoo tupu hiyo nimeibeba miaka mitatu.

Nami nilikuwa mtu wa Jumamosi alfajiri, siku nyingine kazi hainiachi. Nikikosa samaki nalaumu ndoana, wiki ijayo nanunua nyembamba zaidi. Nikabadilisha mshipi, nikabadilisha chambo, nikabadilisha mpaka kofia. Na kila mara alikuwepo mzee mmoja anayefika mimi nimeshachoka, anatupa mshipi kwa muda wa saa moja na nusu tu, anaondoka na mzigo. Siku nilipojikaza kumwuliza siri yake, alinijibu mbele ya wenzake: "Wewe unavua saa, mimi navua maji." Wakacheka wote. Hakuongeza neno.

Niliumia, sitaficha. Nilirudi nyumbani nikafungua daftari: tarehe, mwezi uko vipi, maji yanajaa au yanapwa, nimepata nini. Baada ya miezi kadhaa aibu ilinipanda upya, maana jibu lilikuwa wazi. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ukizidisha kwa siku saba unapata karibu saa sita. Kwa hiyo bahari iliyokuwa imejaa Jumamosi ile, Jumamosi hii saa ile ile imekupwa. Mahali ni pale pale kwa jina tu.

Na samaki hafuati saa yako. Maji yakianza kujaa, hufunika matope na miamba iliyokuwa kavu. Kaa, minyoo na kamba wadogo wanakuwa chakula cha kufikiwa, na samaki wanapanda nyuma ya maji. Yakipwa, kila kilichojificha kwenye mikoko husukumwa kutokea mlango mwembamba wa kijito, na wakubwa wanangoja hapo. Chewa hataki kupoteza nguvu: hukaa nyuma ya jiwe, uso kwenye mkondo, akisubiri kuletewa. Mkondo ukikatika, hakuna wa kumletea. Ndiyo maana maji yakisimama nakunywa chai yangu.

Basi vua maji yanayotembea. Kwa kawaida, katika saa sita za kujaa, saa ya tatu na ya nne pekee hubeba nusu ya maji yote. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mwezi ukiwa nusu, mimi hulenga saa hizo mbili na kuacha nyingine. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mchanga au mpevu, saa hizo hizo mkondo huwa mkali hata chubwi, kile kizito cha mshipi, haitulii chini, hivyo navua mwanzo na mwisho wa mwendo. (Bamvua likijaa halikubembelezi. Liliwahi kunizingira juu ya jiwe, nikarudi nimelowa mpaka kifuani.)

Wengi mnaoniandikia mnataka niwatajie saa. Sitaji. Mtu anayetaka kuvua kwa dhati hushindwaje kutazama mwezi? Tunalipa fedha kwa vifaa, daftari la kurasa chache linatushinda! Andika. Hata siku ya ndoo tupu andika, tena hiyo hasa. Vua maji yanayotembea, nasema tena.

Jumamosi hii nilifika saa nne asubuhi, maji yamekuwa yakipanda kwa muda wa saa mbili. Kufikia saa sita nilikuwa na chewa wawili na changu wa kutosha. Yule mzee alikuja nikiwa nakunja mshipi, safari hii yeye ndiye amechelewa. Nimeingoja siku hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Alichungulia ndoo, akatazama bahari, akaniuliza kama nimebakiza chambo.

Nikampa.