Anza na maharage

Dada, umesema mkaa unakwisha mbio, usingizi hauji, na ndoo ya taka inafurika kila siku ya pili. Uanze wapi? Mimi ningeanza na maharage.

Yaloweke usiku. Asubuhi yamwage yale maji kwenye mchicha wako, weka mengine, chemsha yatokote sawasawa kama nusu saa. Ipua sufuria na mfuniko wake, itumbukize kwenye kapu ulilotandika blanketi kuukuu, juu shindilia kanga zilizokunjwa. Endelea na shughuli zako. Joto lililomo humo ndilo linalomalizia kupika, na baada ya saa tatu au nne unakuta yameiva, mkaa umebaki kwenye gunia. Yangu ya kwanza yalitoka magumu kwa sababu mdogo wangu alikuwa akifunua kila mara kuchungulia! Kabla ya kula yapashe moto tena yachemke.

Usingizi? Simu ilale sebuleni. Nunua saa ya mezani ya kukuamsha, basi.

Taka zako nyingi, nadhani, ni maganda. Yatenge, yafukie kwenye ndoo ya udongo. Baada ya miezi michache una mbolea. Na sokoni nenda na kikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, lakini vile vifuko laini vya nyanya bado vinatufuata hadi jikoni. Mwambie muuzaji amwagie humo humo kikapuni. Atakushangaa siku mbili tu.